Sehemu Sawa: Uhakiki wa Maneno na Vielelezo vya Somo Moja la Hesabu

Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona jarida la walimu wa Kiswahili likizungumzia hesabu. Twaomba wasistaajabu upesi. Mwalimu wa hesabu hafundishi kwa tarakimu peke yake. Kila tarakimu aiandikayo ubaoni huisindikiza kwa neno, na neno hilo latoka katika lugha ambayo sisi tumekabidhiwa kuifundisha. Neno likiwa na utata, utata huo humwingia mtoto kabla hajaanza hata kuhesabu. Baadaye mtoto hukosea, naye huambiwa kwamba hana kichwa cha hesabu, hali kosa lilikuwa katika maneno aliyopewa.

Jambo hili latuhusu zaidi sisi tulio katika nchi zinazopakana na Tanzania na Kenya. Tanzania imefundisha hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na istilahi zake zimepata muda wa kuzoeleka. Kwetu sivyo. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nayo Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Mtoto wa nchi hizi mara nyingi hukutana na neno robo sokoni kabla ya kukutana nalo darasani, naye huwa amekwisha kulijua jambo hilohilo kwa lugha ya mama, na pengine kwa Kiingereza au Kifaransa. Maneno matatu kwa jambo moja ni mali, lakini ni mali kwa yule tu aliyeonyeshwa mahali yanapokutana.

Basi tumekusudia kulihakiki somo moja la hesabu kama tuhakikivyo hadithi au tamthilia: kutazama msamiati wake, picha zake, na lile linalobaki kwa msikilizaji baada ya somo kwisha. Somo lenyewe ni lile lifundishalo kwamba 1/2, 2/4, 3/6 na 4/8 ni majina mbalimbali ya kadiri moja. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo lango la kulinganisha sehemu na kuzijumlisha. Asiyelipita hataweza kuingia ndani. Pili, ndilo somo lifundishwalo mno kwa kukata, kukunja na kupaka rangi, hata watu wengine wakadhani kwamba vifaa vikiwapo, kazi imekwisha.

Neno lenye nyuso mbili

Tuanze na neno lenyewe, sehemu. Mwalimu husema: "Kunjeni karatasi mpate sehemu mbili sawa." Watoto hukunja. Baada ya muda mfupi mwalimu huyohuyo husema: "1/2 na 2/4 ni sehemu sawa." Sentensi hizi mbili zafanana kwa sura, lakini maana zake zapishana. Katika ya kwanza, sehemu ni kipande cha karatasi kishikikacho mkononi, na sawa maana yake ni kwamba vipande vyatoshana. Katika ya pili, sehemu ni namba, na sawa maana yake ni kwamba namba hizo zina thamani moja, ingawa vipande vinavyozifanya havitoshani hata kidogo. Mtoto aliyeisikia vizuri sentensi ya kwanza atatazama kipande chake cha nusu na kipande chake cha robo, na atauliza inawezekanaje viwe sawa. Huo si ujinga. Ni usomaji mwaminifu wa maneno aliyopewa, na mwalimu wa lugha angempa alama zote.

Dawa yake haihitaji istilahi mpya kutoka mbali. Kiswahili kina neno kipande na kina neno sehemu, tuyatenge. Kipande kiwe kile kinachokatwa au kukunjwa, na sehemu iwe ile namba inayosema vipande vyetu ni vingapi katika vyote. Vipande vikiwa vya ukubwa mmoja, tuseme vyatoshana. Sehemu mbili zikitaja kadiri moja, tuseme zina thamani moja, au kwa msemo uliopo tayari vinywani mwa watu, tuseme kwamba ni mamoja: nusu na robo mbili ni mamoja. Mtoto ajuaye kusema "kwangu ni mamoja" anapopewa hiari ya chai au uji, hatashindwa kuelewa kwamba ni mamoja kupewa nusu ya mkate au robo mbili za mkate huo.

Neno la pili la kuhakikiwa ni kuzidisha. Kanuni iandikwayo ubaoni husema: zidisha juu na chini kwa namba ileile. Lakini katika maneno ya kila siku kuzidisha ni kutia zaidi ya kinachotakiwa. Mpishi aliyezidisha chumvi ameharibu mchuzi. Mtoto akisikia kwamba 1/2 imezidishwa kwa 2 juu na chini ikawa 2/4, ana haki ya kuamini kwamba nusu imekua. Na mwaka ufuatao atafundishwa kwamba 1/2 ikizidishwa kwa 2 hupatikana 1. Hapo atakuwa na mazidisho mawili yasiyopatana, naye atayakariri yote mawili bila kuamini hata moja. Kumbe kilichofanyika si kuizidisha nusu. Kilichofanyika ni kukata kila kipande mara mbili: vipande vyote vikawa maradufu, na vile tulivyovipaka rangi vikawa maradufu pia, kila kimoja kikiwa nusu ya ukubwa wake wa awali. Idadi imepanda na ukubwa umeshuka kwa kadiri ileile, kwa hiyo jumla haikuongezeka wala kupungua. Yafaa mtoto ayaseme haya kwa kinywa chake kwanza. Kanuni ya juu na chini ije baadaye, kama ufupisho wa jambo analolijua.

La tatu ni kurahisisha. Twasema 4/8 ikirahisishwa huwa 1/2. Lakini rahisi kwa mtu wa sokoni ni kinyume cha ghali, na bidhaa iliyorahisishwa ni ile iliyopunguzwa bei. Si ajabu basi mtoto akidhani kwamba 4/8 imepunguzwa thamani. Twapendekeza kufupisha. Sisi walimu wa lugha tunajua kufupisha sentensi ndefu pasipo kuipotezea maana, na wanafunzi wetu wamezoea zoezi hilo. Kuifupisha 4/8 ikawa 1/2 ni kazi ya namna hiyohiyo: maneno yamepungua, maana imebaki.

La nne ni dogo, lakini lina madhara yake. Wengi wetu husoma 3/4 kuwa "tatu juu ya nne". Usomaji huu hueleza jinsi tarakimu zilivyopangwa ubaoni, wala hauelezi kadiri yoyote. Mtoto huona namba mbili zilizopandana, moja ghorofani na moja chini. Afadhali tuseme "robo tatu", au "vipande vitatu katika vinne vinavyotoshana". Majina kiasi kwa namba ya juu na asili kwa namba ya chini yatakuja baadaye, nayo ni majina mazuri, kwa kuwa asili ndiyo itajayo mgawanyo tulioanza nao.

Majina yenye ukoo

Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu orodha nzima ya majina ya sehemu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Katika darasa la kawaida hutumika mawili au matatu tu, na mengine yameachwa yapate kutu. Sababu itolewayo ni kwamba ni magumu. Twaona kwamba ugumu wake umekuzwa kupita kiasi.

Ni kweli kwamba mtoto wa Rwanda ana nafuu katika lugha yake. Robo kwa Kinyarwanda ni kimwe cya kane, na nne yasikika waziwazi ndani ya jina. Katika neno robo, nne haisikiki kwa mtoto wetu. Lakini imejificha karibu sana. Robo ni ndugu wa arobaini. Theluthi ni ndugu wa thelathini. Humusi ni ndugu wa hamsini. Sudusi ni ndugu wa sita. Subui ni ndugu wa saba na sabini. Thumuni ni ndugu wa themanini. Tusui ni ndugu wa tisa na tisini. Ushuri ni sehemu ya kumi, na shina lake ndilo lililotupatia ushuru unaotozwa forodhani. Kipindi kimoja cha Kiswahili chatosha kuuonyesha ukoo huu, na tangu siku hiyo mtoto hatakariri majina tisa yasiyo na mshikamano. Atakuwa na mlango wa kuyafikia kupitia namba anazozihesabu kila siku.

Katika orodha hiyo thumuni lastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa ndani yake mna fundisho ambalo halipatikani katika kielelezo chochote cha karatasi. Sarafu ya senti 50 iliitwa thumuni, au sumuni, katika Afrika Mashariki. Senti 50 ni nusu ya shilingi. Imekuwaje basi nusu ikaitwa sehemu ya nane? Jibu ni kwamba jina lilirithiwa kutoka katika hesabu ya fedha ya zamani, ambamo sarafu hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya nane ya riale. Kitu kilekile kilikuwa nusu ya kizima kimoja na thumuni ya kizima kingine. Mtoto akilitafakari hilo atakuwa ameelewa kwamba sehemu haina maana mpaka kizima chake kitajwe, na kwamba twaweza kusema 1/2 na 2/4 ni mamoja pale tu zinapokuwa sehemu za kizima kimoja. Nusu ya embe haitoshani na robo mbili za papai.

Picha nzuri na picha danganyifu

Sasa tuviangalie vielelezo. Kile kipendwacho na wachoraji wa vitabu ni duara, lililogawanywa kama keki. Duara lina sifa moja kubwa: kizima chake huonekana daima. Robo ikikosekana, pengo lake laonekana. Mahali pake hasa ni katika uso wa saa, na hapo Kiswahili kimetutangulia: atakayesema "saa mbili kasorobo" amekwisha kuukata mduara wa dakika 60 katika vipande vinne vya dakika 15 na kuondoa kimoja. Ndani ya saa, 1/4, 3/12 na 15/60 ni mamoja, nazo zaweza kuonyeshwa kwa mkono mmoja wa saa.

Lakini duara mkononi mwa mtoto ni adui. Ni rahisi kulikunja nusu, robo na thumuni. Kulikata theluthi au humusi pasipo vyombo vya kupimia ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima. Mtoto huchora mistari ya wima ndani ya duara, akapata vipande vitatu visivyotoshana, na kila kimoja akakiita theluthi. Kielelezo kisichoweza kufanywa sawasawa na mtoto mwenyewe hubaki kuwa picha ya kutazamwa.

Chungwa nalo husifiwa, kwa kuwa lina vipande vyake tayari. Sisi hatulisifu kwa kazi hii. Vipande vya chungwa hutofautiana idadi kutoka tunda hadi tunda, wala havitoshani. Muwa wakatika vizuri kwa urefu, lakini pingili zake hazilingani, na watoto wote wajua kwamba upande wa shina una utamu kuliko upande wa kileleni. Watakaogawiwa watagombana, na ugomvi wao utakuwa wa haki.

Karatasi yashinda vyote hivyo. Mtoto achukue karatasi ya mstatili, aikunje katikati, aifungue, apake upande mmoja kwa mkaa au chaki. Amepata 1/2. Aikunje tena ilivyokuwa, kisha akunje kwa upande wa pili, afungue. Sasa vipande ni vinne, na vilivyopakwa ni viwili: 2/4. Akunje mara ya tatu: 4/8. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba rangi haikusogea. Mkono wake ulikunja, mistari ikaongezeka, lakini eneo lililopakwa ni lilelile alilolipaka mwanzo, kwa mkono wake mwenyewe. Aanze upya kwa kukunja theluthi, apake mbili, kisha akunje nusu kwa upande wa pili: 2/3 imekuwa 4/6. Na akiifuata njia hiyo kinyumenyume, akiyapuuza makunjo ya mwisho, atakuwa amefupisha. Kwa kutumia kanda za karatasi za urefu mmoja, zilizopangwa moja chini ya nyingine, kanda nzima, ya nusu, ya theluthi, ya robo, darasa litapata ukuta wa sehemu, ambao rula ikisimamishwa wima juu yake huonyesha mara moja ni sehemu zipi zinazoishia mahali pamoja.

Pamoja na karatasi twaviweka vipimo vya kale vya pwani. Pishi moja ni vibaba 4. Kisaga ni vibaba 2. Kwa hiyo muuza nafaka wa zamani aliyepima kisaga alijua kwamba ni nusu ya pishi, na alijua kwamba ni robo mbili za pishi, pasipo kalamu. Hali kadhalika katika nguo: wari ni mikono miwili, na kila mkono ni shibiri mbili. Anayepima shibiri mbili amepima 2/4 ya wari, yaani mkono mmoja, yaani nusu. Twavitaja vipimo hivi si kwa kutamani kuvirudisha sokoni, bali kwa sababu vyaonyesha kwamba wazo la sehemu zenye thamani moja halikuletwa na kitabu cha shule. Pale pasipo na pishi, chupa ya lita moja na kikombe cha robo lita vitafanya kazi hiyohiyo kwa maji na mchanga.

Kuna kielelezo kimoja zaidi, nacho ni cha kale kuliko vyote. Katika mafunjo ya Misri yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kumo hesabu za kugawa mikate kwa watu 10. Mikate ikiwa 6, kila mtu apata nusu na sehemu ya kumi. Maana yake ni kwamba mikate 5 hukatwa nusunusu, na mmoja uliobaki hukatwa vipande kumi. Watoto wetu wakifanya hivyo kwa karatasi watapata 1/2 + 1/10. Wakiwagawa watu 10 katika makundi mawili, kila kundi watu 5 na mikate 3, watapata 3/5. Wakikata kila mkate vipande kumi, watapata 6/10. Njia tatu, na mgao mmoja. Wala hakuna anayeweza kulalamika kwamba amepunjwa.

Mpaka wa vielelezo

Baada ya kuvisifu vifaa hivi, yatupasa pia kuitaja mipaka yake, kwa maana sifa isiyo na mpaka si uhakiki. Walimu mashuhuri wa Ulaya walivibuni vifaa vya namna hii kabla yetu. Maria Montessori wa Italia alitumia miduara ya chuma iliyokatwa kutoka vipande viwili hadi kumi. Georges Cuisenaire wa Ubelgiji alitengeneza vijiti vya rangi vya urefu wa sentimita 1 hadi 10, vilivyoenea katika miaka ya 1950. Kijiti cha sentimita 2 ni nusu ya kile cha 4, tena ni robo ya kile cha 8, fundisho lilelile la thumuni. Lakini mwaka 1992 Deborah Ball, mwalimu na mtafiti wa Marekani, aliandika makala kuhusu matumaini ya kimazingaombwe ambayo watu wameyaweka juu ya vifaa. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mwalimu huona wazo ndani ya kifaa kwa sababu yeye alilijua tangu awali. Mtoto asiyelijua aweza kuona rangi na vipande tu. Twakubaliana naye.

Kuna jaribio dogo la kuthibitisha. Chora mstatili, ugawe katikati kwa mstari mmoja, kisha nusu moja tu uigawe tena katikati. Uliza kipande kidogo ni sehemu gani ya mstatili wote. Watoto wengi waliozoea kuhesabu vipande katika picha zilizochorwa tayari watajibu 1/3, kwa kuwa wanaona vipande vitatu. Hao wamejifunza kuhesabu vipande. Hawajajifunza kwamba vipande sharti vitoshane. Picha za kitabu, ambazo daima zimegawanywa vizuri, ndizo zilizowaficha jambo hilo. Kwa hiyo mwalimu asiyemwonyesha mtoto picha mbovu hata mara moja hamfundishi picha nzuri ni nini.

Na mtoto asipoliona jambo hilo mapema, umri peke yake haumponyi. Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa wa elimu nchini Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jibu la 12/13 + 7/8, wachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo yakaribia 1, kwa hiyo jibu lililo karibu ni 2. Waliolichagua walikuwa 24 tu katika kila 100. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu peke yake au za chini peke yake. Hao hawakukosa vitabu wala rangi. Walikuwa wanaona namba mbili zilizopandana, wala hawakuona kadiri.

Mazoezi ya kujaza pengo, kama vile 1/2 = □/8, hayatalitambua kosa hili, kwa sababu yaweza kufanywa kwa kanuni tupu. Zoezi litambulishalo ni la maneno: "Juma asema 3/4 ni kubwa kuliko 6/8 kwa kuwa vipande vyake ni vikubwa. Asha asema 6/8 ni kubwa kwa kuwa vipande vyake ni vingi. Mwambie kila mmoja amekosea wapi." Hilo ni zoezi la hesabu, tena ni zoezi la insha. Mtoto akilijibu kwa sentensi tatu zilizonyooka, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa Kiswahili wote wawili watakuwa wamelipwa.

Faida ya haya

Wako watakaosema kwamba twalikuza jambo dogo. Kwamba simu za siku hizi hujumlisha sehemu zote, na mtoto hana haja ya kuhangaika na karatasi. Tuwajibu kwa mfano wa mirathi ya Kiislamu, ambao kwa wengi katika nchi zetu si mfano wa kitabuni. Mafungu yaliyotajwa katika Sura ya Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mtu akifa akamwacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumuni, mama hupata sudusi, na mtoto huchukua kinachobaki. Thumuni na sudusi haziwezi kuwekwa pamoja zilivyo, kwa kuwa zimekatwa vipande visivyotoshana. Wanazuoni hutafuta asili moja inayozifaa zote mbili, nayo ni 24. Thumuni huwa 3/24, sudusi huwa 4/24, na mtoto hubakiwa na 17/24. Mali ikiwa shilingi 240,000, mke apata 30,000, mama 40,000, na mtoto 170,000.

Hesabu hii yote imesimama juu ya somo letu moja: kwamba 1/8 na 3/24 ni mamoja. Mjane anayelijua aweza kuufuatilia mgao hatua kwa hatua na kuuliza swali. Asiyelijua hana budi kumwamini kila amgawiaye, awe mwadilifu au asiwe. Simu yaweza kumpa jibu, lakini haitamwambia kama swali liliingizwa kwa haki. Hivyo hivyo kwa anunuaye robo tatu ya kilo ya sukari kwa bei ya kilo, kwa mkulima agawanaye mavuno na mwenye shamba, na kwa mgonjwa aliyeambiwa ameze nusu kidonge mara mbili hali ana vidonge vya nguvu maradufu.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Kukunja karatasi ni njia bora kuliko duara la kitabuni, na vipimo vya mkononi ni bora kuliko vyote kwa mtoto ambaye amekwisha kutumwa dukani. Lakini hakuna kifaa kitakachosema chenyewe. Kinachokifanya kiseme ni neno, na maneno tuliyoyazoea, yaani sehemu sawa, zidisha, rahisisha, na juu ya, yamekuwa yakisema jambo lingine wakati mkono wa mtoto ukionyesha jambo la kweli. Twawaomba walimu wenzetu wafanye mambo matatu yasiyogharimu kitu: kutenga kipande na sehemu katika maneno yao, kutoa kipindi kimoja kwa ukoo wa majina kutoka theluthi hadi ushuri, na kukaa na mwalimu wa hesabu wa shule yao, hata kwa muda wa nusu saa, wakubaliane maneno watakayoyatumia wote wawili. Nusu saa hiyo ni dakika 30 katika 60, na ni robo mbili za saa. Wakiitumia vizuri, watoto watakaoingia madarasani mwao juma lijalo watasikia lugha moja katika vipindi viwili.